Anayerudi Darasani Asianze na Cheti

Kila Januari, na tena kila vyuo vinapofungua dirisha la udahili, ushauri unaosikika redioni, kwenye semina na katika makundi ya WhatsApp ni uleule. Wewe unayetaka kuacha kazi uliyoizoea ukasomee nyingine, kaa chini uandike lengo lako kuu: utakuwa nani, kwa cheti gani, ifikapo mwaka gani. Libandike ukutani. Usigeuke kulia wala kushoto mpaka litimie. Wanaotoa ushauri huu wanawatakia watu heri, na zipo shughuli ambazo unazifaa. Lakini kwa mtu wa miaka 35 au 45 anayerudi darasani ili abadili fani, ushauri huu una madhara, na madhara yenyewe humkuta katika muhula wa kwanza, wakati ambao bado hajajua hata aulize nini.

Ili uandike kwamba mwaka 2029 utakuwa mhasibu mwenye CPA, inabidi ujue mhasibu hushinda ofisini akifanya nini, sehemu gani ya kazi hiyo utaimudu na ipi itakuchosha, na kama unachokitaka hasa ni uhasibu au ni maisha ya jirani yako ambaye ni mhasibu. Mambo hayo mwanafunzi mpya hayajui. Anayajua aliyekwisha kuifanya kazi. Kwa hiyo mwanafunzi anaandika kile anachokiona akiwa nje, na kinachoonekana kwa aliye nje ni jina la cheo na karatasi yenye muhuri.

Gharama ya kukosea hapo ni yake mwenyewe. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikiweka ukomo wa umri wa mwombaji kuwa miaka 35, hivyo wengi wanaorudi masomoni katikati ya maisha hulipa kwa mshahara, kwa mkopo wa kikoba au kwa kuuza kiwanja. Kijana wa miaka 19 akigundua mwaka wa pili kwamba kozi haimfai, nyumbani watanung'unika na kumvumilia. Mama wa watoto watatu akigundua jambo hilohilo, fedha iliyokwenda ilikuwa ya watoto hao. Ndiyo maana sioni kama suala la kuweka malengo ya masomo ni la kuachiwa misemo ya kutia moyo.

Ushauri huu huja na ushahidi wake. Utaambiwa kwamba mwaka 1953 Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kiliwauliza wahitimu wake nani ameandika malengo yake. Wakapatikana asilimia 3 tu. Na miaka 20 baadaye hao asilimia 3 walikuwa na mali nyingi kuliko wenzao asilimia 97 wote kwa pamoja. Hadithi hii imesimuliwa katika vitabu na majukwaa mengi mno. Utafiti huo haukufanyika. Jarida la Fast Company lilipoufuatilia mwaka 1996 halikukuta chochote, na Yale chenyewe hakina kumbukumbu ya utafiti wa namna hiyo. Watu wameuza vitabu na viingilio vya semina kwa jambo ambalo halikuwahi kutokea, na mwanafunzi wetu wa jioni, anayekwenda darasani akiwa ametoka kazini bila kula, amelipokea kama sayansi.

Ushahidi wa pili ni herufi tano za SMART, ambazo kila aliyepita kwenye mradi wa shirika au idara ya serikali amezikariri: lengo liwe mahususi, lipimike, lifikike, liwe halisi, liwe na muda. Chanzo chake kinajulikana. George Doran, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa mipango wa kampuni ya umeme ya Washington Water Power, aliandika makala fupi katika jarida la Management Review la Novemba 1981. Aliwaandikia mameneja. Herufi A kwake haikuwa na maana ya kufikika. Ilihusu nani atakabidhiwa kazi. Na aliandika waziwazi kwamba si lazima kila lengo litimize vigezo vyote vitano, na kwamba kuna mahali ambapo kulazimisha vipimo vya namba si jambo la busara. Chombo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya bosi anayewagawia kazi watu wanaoijua tayari. Tumekichukua tukampa mtu anayejifunza kazi asiyoijua, kisha akikwama tunasema hakuwa na nidhamu.

Tafiti zilizofanyika kweli zinasema kitu kingine. Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya na wanagenzi wa Jeshi la Anga la Marekani. Wanagenzi hao walijifunza kwenye kompyuta kazi inayofanana na kuongoza ndege: ipi itue kwanza, kwenye njia ipi, upepo na hali ya njia vikiwa vipi. Baadhi walipewa lengo mahususi la alama. Wengine waliambiwa tu wajitahidi kadiri wawezavyo. Waliopewa lengo la alama mapema, kabla hawajaizoea kazi, walifanya vibaya kuliko walioambiwa wajitahidi. Lengo la namna hiyohiyo lilipotolewa baadaye, kazi ikiwa imekwisha kueleweka, lilisaidia. Maelezo ya watafiti ni kwamba umakini wa mtu una kiasi chake. Anayeanza anauhitaji wote kwenye kazi yenyewe, na lengo la alama linammegea sehemu ya umakini huo, aitumie kujipima na kuhangaika kama amefika au bado.

Wanaotetea malengo mahususi hupenda kuwataja Edwin Locke na Gary Latham, na wana haki, kwani wanazuoni hao wawili walitumia miongo mingi kuonyesha kwamba lengo gumu na mahususi huongeza ufanisi. Wasichokisema ni kwamba Latham huyohuyo ndiye aliyechora mpaka wa kanuni hiyo. Mwaka 2006, yeye na Travor Brown waliwachunguza wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara, watu ambao wengi wao wameshafanya kazi na wanarudi shule wakitafuta njia nyingine. Waliojiwekea lengo la kumudu maarifa fulani walimaliza wakiwa na wastani wa juu wa alama, na wakiwa wameridhika zaidi na masomo, kuliko waliolenga wastani wa mwisho wa mwaka. Soma tena: waliolenga kujua walipata alama nzuri kuliko waliolenga alama.

Jambo hili lilikuwa mikononi mwetu kabla ya tafiti hizo zote. Tangu mwaka 1968 Tanzania ilikuwa na mradi wa majaribio katika mikoa ya Ziwa, makao yake Mwanza, uliosaidiwa na UNESCO na UNDP, wa kile kilichoitwa Kisomo chenye Manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu kilichohusu pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mwenye migomba kwa kitabu cha migomba. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na TANU ikaweka lengo la taifa la kufuta kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1975. Tarehe hiyo ilipofika lengo halikutimia. Lakini kwa takwimu za Serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamepungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa kwenye benchi la mti jioni kwa sababu ya tarehe ya Serikali. Sababu zilizomweka mtu pale zilikuwa karibu naye: asome mizani ya pamba mwenyewe asipunjwe, aandike jina lake badala ya kuchovya kidole gumba, asome barua ya mwanawe bila kumpelekea jirani. Kila sababu kati ya hizo ilikuwa na kipimo chake ndani yake, na kila moja ilimwonyesha mtu cha kufanya kesho.

Turudi kwa anayetaka kuwa mhasibu. Tuseme ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi, amefundisha miaka mingi, na sasa anasoma jioni. Kwa ushauri wa kawaida ataandika: CPA, Novemba 2029. Sentensi hiyo haimwambii afanye nini Jumanne. Sasa alinganishe na hii: mwisho wa muhula huu niweze kuchukua risiti za EFD na vocha za mwezi mmoja za duka la vifaa vya ujenzi, niziingize kwenye leja, nilinganishe daftari la fedha na taarifa ya benki mpaka zikubaliane, na niandae ritani ya VAT kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kisha mhasibu anayefanya kazi hiyo aikague na aone inafaa kupelekwa TRA.

Lengo hili la pili linamfanyia mambo ambayo la kwanza haliwezi. Linamwambia asome mada ipi leo na ipi isubiri. Linamlazimu kutafuta mtu wa ndani ya fani, mwenye duka na mwenye kukagua, na hao ndio watu watakaomkumbuka nafasi ikitokea. Wanaobadili fani mara nyingi hukwama kwa kukosa kujulikana zaidi ya kukosa elimu. Linampa mwamuzi ambaye si yeye mwenyewe wala si mtihani. Na kubwa zaidi, ndani ya miezi michache linampa jibu la swali lililomleta darasani: je, anaweza kukaa na tofauti ya shilingi 4,300 kwenye daftari, usiku, akaitafuta mpaka aione, na kesho yake akatamani kurudi? Kuna watu wanaogundua hapo kwamba wanaipenda kazi hii kuliko walivyotarajia. Wengine wanagundua kwamba hesabu zenyewe zinawachosha lakini masuala ya kodi yanawavuta. Ni afadhali mtu alijue hilo kwa gharama ya ada ya muhula mmoja kuliko ya miaka minne.

Kuna hasara nyingine ya lengo la cheti ambayo sijasikia ikizungumzwa sana, nayo ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Lengo linalotazama cheo cha mwisho humfanya mtu mzima ajione yuko sifuri, sawa na kijana aliyetoka kidato cha sita. Mwalimu wetu si sifuri. Anajua ada hulipwa kwa mafungu, anajua mzazi anapoahidi na anapokwepa, anajua miezi ambayo shule hubanwa na fedha na kwa nini. Mhasibu wa shule anayeyajua hayo ni mhasibu wa thamani tangu siku ya kwanza. Muuguzi anayesomea takwimu anajua fomu ya wodini hujazwaje saa tisa usiku wagonjwa wakiwa wengi, kwa hiyo anajua takwimu gani za kuzitilia shaka. Malengo ya mtu mzima yaanzie hapo, kwenye kile alichokuja nacho, na yaulize: hiki kikikutana na fani mpya, ni kazi gani naweza kuifanya ambayo mwenzangu wa miaka 22 hawezi?

Katika kazi za mikono jambo hili liko wazi zaidi. Dereva anayejifunza ufundi umeme VETA akilenga cheti cha NVA, atakipata, kisha ataambiwa kwamba kufunga umeme kwenye majengo kunahitaji leseni ya EWURA. Aliyelenga tangu mwanzo kwamba mwezi wa sita aweze kusoma mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu, kutandaza nyaya, kupima na kueleza kila alichokifanya, ameshakutana na mafundi wenye leseni huko saiti, na hakuna kitakachomshtua. VETA hiyohiyo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, na msingi wake ni kumtazama fundi akifanya.

Hapa nitajibiwa kwamba waajiri wanataka cheti. Sibishi. Huwezi kuhudumia wagonjwa kama muuguzi bila kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, wala huwezi kujiita CPA bila kufaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, inayofanyika Mei na Novemba. Tarehe hizo ziingie kwenye kalenda, pamoja na tarehe za kulipa ada za mitihani. Lakini tarehe ya mtihani imepangwa na bodi, na wewe huna la kuamua juu yake. Lengo linastahili kuwekwa pale ambapo una la kuamua. Tena yeyote aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza ya usaili anajua kinachotokea bahasha ya vyeti ikishafunguliwa. Wote waliofika pale wana vyeti. Swali linalofuata ni kwamba umefanya nini, na anayebadili fani, ambaye wasifu wake umejaa kazi ya zamani, ndiye anayelihitaji jibu lake kuliko wote.

Nitaambiwa pia kwamba mtu anayebadilisha malengo kila muhula ni kigeugeu. Hofu hii ina msingi. Wapo wanaoacha kila kitu kinapokuwa kigumu na kuita kuacha huko ugunduzi. Ninachopendekeza ni kwamba kila lengo likibadilishwa, sababu iandikwe pembeni yake. Ukiandika kwamba umefanya ulinganisho wa benki wa miezi mitatu na umeona kwamba nguvu yako iko kwenye kodi, umejifunza, na lengo jipya litakuwa bora kuliko la kwanza kwa sababu limetoka kwenye kazi. Ukiandika kwamba umechoka, basi hiyo si sababu ya kubadili fani tena. Pumzika wiki moja urudi. Anayeng'ang'ania lengo aliloliandika kabla hajaijua kazi, kwa kuogopa kuonekana kigeugeu, anautii ujuzi wa mtu aliyekuwa hajui.

Na hamu kubwa, ile ya kuwa na ofisi yako siku moja, je? Ibaki. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri asome kabla watoto hawajaamka anahitaji hamu. Haihitaji kupewa tarehe.

Kipimo kinachosahaulika kabisa ni saa. Mfanyakazi anayetoka Mbagala kwenda Posta na kurudi ameacha sehemu ya siku yake kwenye daladala. Ukiongeza kazi, mapishi, wagonjwa wa familia, vikao vya harusi na misiba, saa zinazobaki kwa wiki huhesabika, na nyingi kati ya hizo ni za uchovu. Naamini kuweka malengo kuanzie hapo: wiki mbili za kuandika kwa ukweli saa za masomo zilizopatikana, si zilizotamaniwa, kisha ndipo lengo lipimwe kwa saa hizo. Mtu mwenye saa sita kwa wiki akijiwekea lengo la mwenye saa ishirini, atashindwa mwezi wa pili na ataamini kwamba umri umempita. Umri haukuhusika. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikiwa na vituo mikoani, ili mtu wa namna hii asome bila kuacha kazi na kwa mwendo wake. Mwendo huo ni haki yake, na asikubali kuaibishwa nao na mabango ya hamasa.

Mzigo wa kuweka malengo ya namna hii haumhusu mwanafunzi peke yake. Vyuo vyetu vya ufundi na vya kati vinafundisha kwa mitaala ya NACTVET, ambayo imejengwa juu ya umahiri: kila moduli ina maelezo ya kile ambacho mwanafunzi atatakiwa aweze kukifanya akiimaliza. Maelezo hayo yameshaandikwa na kuidhinishwa. Mara nyingi mwanafunzi mtu mzima hayaoni. Anachopewa ni ratiba, orodha ya masomo na namba ya akaunti ya kulipia. Kuyachapa kwa Kiswahili chepesi kwenye kurasa mbili, pamoja na maeneo ya mjini ambako kila jambo linaweza kujaribiwa kwa vitendo, ni kazi ambayo mkuu wa idara anaweza kuimaliza katika likizo moja. Kurasa hizo apewe mwanafunzi siku anayokuja kuulizia kozi, kabla hajalipa awamu ya kwanza ya ada.